Kibuyu Kilichoidanganya Mashine

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Felisita alikwenda kwanza kusoma namba. Katika chumba cha pembeni, ambacho zamani kilikuwa stoo ya magunia ya pamba, kulikuwa na kabati kubwa la mbao lililozibwa kila upande, na mbele yake kijidirisha kidogo chenye tarakimu nyekundu. Zikisoma thelathini na saba na nusu, au karibu na hapo, alimwambia mama yake kwamba mambo ni sawa, ndipo akaenda kunawa, kunywa uji na kukimbilia shule. Alikuwa darasa la sita, na kati ya kazi zote za nyumbani, hii ndiyo pekee aliyoifanya bila kusukumwa.

Kabati lile lilikuwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Mama yake, Lukresia, pamoja na wanawake wenzake wa mtaa wao, nje kidogo ya mji wa Bariadi upande wa barabara ya Maswa, walichangishana baada ya kuuza pamba wakaitengenezesha kwa fundi Danford. Kila mwanamke alileta mayai ya kuku wake, akayatia alama yake, yakapangwa kwenye trei kuanzia juu kwenda chini.

Danford alikuwa mtu wa kupenda kueleza, na Felisita alikuwa mtu wa kupenda kuuliza, kwa hiyo walielewana. Alimwonyesha hita ya kutoa joto, feni ya kulisambaza, na mota ya kugeuza trei ili mayai yasilalie upande mmoja. Mkubwa wa hivyo vyote alikuwa kompyuta ndogo, isiyozidi kiberiti kwa ukubwa. Katikati ya kabati uling'inia waya mwembamba wenye ncha ya kung'aa, jina lake sensa. Sensa ilipima joto na kuipelekea kompyuta habari. Joto likipungua, kompyuta iliwasha hita, likizidi, iliizima. Ilifanya hivyo usiku na mchana bila kuchoka wala kusahau. Felisita aliipenda sana habari hiyo ya kutosahau, maana yeye mwenyewe kusahau ndiko kulikokuwa kipaji chake.

Wa mwisho kuleta mayai alikuwa Bibi Nyanjige, mjane aliyeishi peke yake nyuma ya ua wa minyaa. Ugonjwa wa mdondo ulikuwa umewamaliza kuku wake wote isipokuwa mitetea miwili. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi wa kupikia mabua ya pamba, na watoto wengine walimkimbia kwa sababu hiyo. Kwa kuwa trei za juu zilikuwa zimeshajaa, mayai yake yaliwekwa kwenye trei ya chini kabisa. Aliyaweka moja moja, polepole, kisha akamwambia Felisita, "Mjukuu wangu, hizi ndizo ng'ombe zangu." Felisita alitaka kucheka, lakini alipomtazama aliona bibi hatanii.

Wiki iliyofuata Lukresia alisafiri kwenda Malampaka kumwangalia dada yake aliyejifungua. Jumapili ile mdogo wa Felisita angepokea Komunyo ya Kwanza, na wageni wangetaka maziwa ya mgando. Mama aliacha agizo: maziwa yatiwe kwenye kibuyu Jumatano, yawe yameganda vizuri ifikapo Jumapili. Kuhusu mashine alisema kwamba kengele yake ikilia, na namba ikiwa imeshuka, Felisita abonyeze kitufe cha kuizima kengele, afunike kabati kwa blanketi na asubiri. Kaka yake Yakobo angelala nyumbani, ingawa mchana kutwa alikuwa barabarani na bodaboda yake.

Jumatano Felisita alicheza rede mpaka jua likazama. Alhamisi alicheza tena. Ijumaa alipotoka shule ndipo akaukumbuka mgando. Ilikuwa Julai, miezi ya upepo mkavu na baridi, na maziwa katika hali ile yangekawia kuganda. Alikitoa kibuyu kwenye ndoo ya maji kilimokuwa kimelowekwa, akatia maziwa baridi, akazunguka nacho uani akitafuta mahali pa joto. Jikoni moto ulikuwa umezimika tangu asubuhi.

Wazo lilipomjia alijiona mjanja kweli. Alifungua kabati, akasukuma kibuyu katikati, mahali pekee palipokuwa na nafasi. Ule waya ulikuwa njiani, kwa hiyo akausogeza, na ncha yake ya kung'aa ikajibana kwenye tumbo la kibuyu lililokuwa bado likichuruzika maji. Felisita aliiona. Alijiambia kwamba waya ni waya tu, akafunga mlango.

Haukupita muda, kengele ikalia. Namba ilikuwa imeshuka hadi thelathini na nne, kisha thelathini na mbili. Felisita alifanya kama alivyoagizwa: akabonyeza kitufe, akaleta blanketi la mama yake, akalifunika kabati lote. Akakaa kwenye kigoda kusubiri.

Chumba kikaanza kuwa kizito. Mbao za kabati zilitoa vishindo vidogo, na kulikuwa na harufu kama ya ubao ulioachwa karibu na jiko. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Lakini kijidirisha kilisoma thelathini na mbili, na hita iliendelea kunguruma humo ndani bila kupumzika hata kidogo. Ngozi yake ilimwambia joto, namba ikamwambia baridi, na yeye akaiamini namba.

Alikuwa bado amekaa pale Bibi Nyanjige alipobisha hodi. Alikuja kuyaona mayai yake, kama ilivyokuwa desturi yake. Felisita alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, bibi," naye akaitikia huku akiinua ncha ya blanketi na kuweka kiganja kwenye mlango wa kabati. Akakiondoa haraka.

"Mtoto, humu mna moto," alisema.

Bibi angefungua mlango angekiona kibuyu, na kibuyu kingemfikia mama kwa maneno. Alisimama mbele ya kabati akamwambia kwamba mashine hii ni ya kompyuta, namba zenyewe zinasema baridi, na hivi ndivyo fundi alivyoagiza. Bibi Nyanjige, ambaye hakujua kusoma, alizitazama tarakimu nyekundu kwa muda mrefu, akatikisa kichwa na kuondoka. Alipokuwa akitoka getini alipishana na jirani yao, Mama Mboje, aliyekuwa akipita na kuni zake.

Alipobaki peke yake, Felisita alifungua kabati. Hewa iliyompiga usoni ilikuwa ya tanuri. Alikinyakua kibuyu, akairudisha sensa mahali pake na kufunga. Hapo namba ikaanza kupanda: thelathini na nane, arobaini, arobaini na mbili, arobaini na tatu. Kengele ikalia mlio mwingine ambao hakuwahi kuusikia, mkali zaidi. Sasa kompyuta ilikuwa imeupata ukweli, ikaizima hita mara moja. Felisita alisimama pale mpaka namba ziliporudi polepole kwenye thelathini na saba na nusu. Kila kitu kilionekana kama kawaida, akaomba Mungu kiwe kweli cha kawaida.

Mama alirudi Jumamosi akauliza mashine imeendaje. Felisita akajibu kwamba iliendelea vizuri. Jumapili wageni waliusifu mgando, wakaomba uongezwe. Yeye hakuugusa.

Siku ya kupima mayai wanawake wote walikusanyika. Walizima taa, wakaziba dirisha kwa kanga, na Lukresia akaanza kuyamulika mayai kwa tochi moja baada ya jingine. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myembamba, na kwa wakati ule kifaranga alipaswa kuonekana akijisogeza. La kwanza lilikuwa na kivuli cheusi kisichotikisika. La pili vilevile. La tatu, la nne, trei nzima ya juu, kisha iliyofuata. Ilisikika tu sauti ya mayai yakiwekwa kwenye ndoo ya kutupa.

Kwenye trei ya chini kabisa yai lilipomulikwa, kivuli kilicheza. Lililofuata nalo likacheza. Karibu yote yalikuwa hai. Lukresia aligeuza yai kuangalia alama, na wenzake wakainama kuitazama pamoja naye. Ilikuwa alama ya Bibi Nyanjige.

"Ya kwake tu ndiyo yamepona," Mama Mboje alisema kwa sauti ya chini. "Na mimi Ijumaa nilimwona kwa macho yangu akitoka humu."

Bibi Nyanjige alikuwa amesimama nyuma yao. Wanawake walisogea kidogo, kila mmoja kwa visingizio vyake, mpaka akabaki peke yake katikati ya chumba. Alisema tu kwamba siku ile kabati lilikuwa likichoma. Lukresia alimgeukia binti yake akamuuliza kama Ijumaa palikuwa na tatizo lolote. Felisita aliitazama sakafu. Neno la kweli lilikuwa pale pale kwenye ulimi.

"Ilikuwa sawa, mama," alisema.

Danford aliitwa. Alipima joto kwa kipimajoto chake mwenyewe, akakagua hita, feni na nyaya, akasoma namba, akazilinganisha. Kisha akasema kwamba mashine ni nzima, haina hitilafu yoyote. Alidhani anawatuliza, kumbe amewasha moto. Kama mashine ni nzima, wanawake walisemezana wakirudi makwao, basi kilichoyaua mayai si mashine. Jioni ile jina la Bibi Nyanjige lilitajwa kwenye kila meko, na Salvatory, mtoto mkubwa wa Mama Mboje, alisikika kijiweni akisema kwamba bibi yule hafai kuendelea kukaa mtaani.

Kesho yake Felisita alipita kwa bibi akielekea shule. Kwenye mlango wa mbao mtu alikuwa amechora alama ya msalaba kwa mkaa, kubwa, kutoka juu mpaka chini. Huko kwao kila mtu mzima alijua maana ya alama ya namna hiyo kwenye mlango wa bibi kizee, na hakuna aliyetaka kuieleza mbele ya watoto. Lakini watoto nao walikuwa na masikio. Walishasikia habari za vikongwe wa vijiji vingine, waliowekewa alama kwanza, kisha wakajiwa na watu wenye mapanga.

Bibi Nyanjige alikuwa akiisugua ile alama kwa kitambaa chenye majivu, na kadiri alivyosugua ndivyo ilivyozidi kusambaa. Felisita alimwamkia. Bibi hakugeuka.

"Pita, mjukuu wangu," alisema. "Usisimame hapa na mimi."

Shuleni siku ile Felisita hakuandika hata mstari mmoja. Mwalimu alipomwita alisimama kama gogo. Kichwani alikuwa na hesabu moja tu, na kila alipoifanya jibu lilikuwa lile lile: akinyamaza, bibi anaweza kufa kwa ajili ya kibuyu cha maziwa. Aliogopa viboko, aliogopa uso wa mama yake, aliogopa aibu mbele ya mtaa mzima. Lakini kulikuwa na hofu kubwa kuliko hizo zote, nayo ilikuwa imechorwa kwa mkaa.

Aliporudi nyumbani alikuta ua umejaa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, Salvatory na vijana wawili wameegemea ukuta na mikono kifuani. Danford alikuwepo, ameitwa na Lukresia aje kurudia maelezo yake. Bibi Nyanjige alikuwa amekalishwa kwenye kigoda mbele yao, na Mama Mboje alikuwa akimtaka aseme aliyafanya nini mayai ya wenzake.

Felisita hakwenda kwa mama yake. Alipita katikati ya mikeka, akaingia jikoni, akatoka na kibuyu.

"Ni mimi," alisema. "Nilikiweka hiki ndani ya mashine ili maziwa yagande. Bibi aliniambia mna moto, nikamzuia asifungue. Nimedanganya mara zote mlizoniuliza."

Lukresia alifungua mdomo, lakini Danford akamwomba kwa adabu angoje kwanza. Alikichukua kibuyu, akakijaza maji baridi ya kisima na kukilowesha nje. Mayai yaliyobaki yakatolewa na kuwekwa kwenye beseni lenye nguo za joto. Kisha akakipachika kibuyu katikati ya kabati kama Felisita alivyomwonyesha, sensa ikigusa tumbo lake, akaweka kipimajoto chake kwenye trei ya juu na kingine kwenye trei ya chini. Akafunga, akafunika blanketi, akawaita wote waingie waone.

Namba nyekundu zikashuka. Kengele ikalia, Danford akaizima. Walikaa pale wamebanana, mbao zikianza kunukia joto. Alipofungua mlango baadaye, kijidirisha kilikuwa kikisoma thelathini na mbili. Alimwambia Salvatory atie mkono kwenye trei ya juu. Salvatory aliutia akautoa upesi. Kipimajoto cha juu kilikuwa kimevuka arobaini na mbili. Cha chini hakikufika thelathini na tisa.

Danford alieleza bila kumtazama mtu mmoja. Joto hupanda juu, na kibuyu kilikuwa kimekinga upepo wa feni uliopaswa kulisambaza, ndiyo maana trei ya chini ilinusurika. Mayai ya bibi yalipona kwa sababu alichelewa kuyaleta. Hapakuwa na siri nyingine. Kisha akasema kwamba hata yeye alikosea, kwa kuwa aliulizwa kama mashine ni nzima akajibu hilo tu, hakujisumbua kuuliza ni nani aliyeifungua.

"Kwa hiyo kompyuta haikujua kwamba mayai yanaungua?" mmoja wa wanawake aliuliza.

"Ingejuaje, mama? Haina ngozi. Sensa iliiambia kuna baridi, ikaamini, ikafanya kile kile nilichoifundisha. Ilitii vizuri sana, na kutii huko ndiko kulikoua mayai."

Mama Mboje alitoka wa kwanza. Walimwona akichota maji kwenye ndoo, akachukua sabuni na gunzi, akaelekea kwenye ua wa minyaa. Salvatory alimfuata nyuma ameinamisha kichwa, na hakuna aliyehitaji kuuliza anakwenda kusugua nini wala kwa nini.

Felisita alijua zamu yake imefika. Alipiga magoti mbele ya Bibi Nyanjige, akaomba msamaha huku akilia kwa sauti, bila kujali nani anamtazama. Bibi alimshika bega akamwinua, lakini hakutabasamu, na Felisita alielewa kwamba msamaha na kusahau si kitu kimoja.

Lukresia aliongea taratibu, na upole ule ulimuuma binti yake kuliko fimbo. Alimwambia kwamba mayai yatapatikana tena: mitetea yao wenyewe itataga, na Felisita atapeleka kwenye kila nyumba kwa mikono yake, akieleza kwa mdomo wake kilichoyaua yale ya kwanza. Kisha akasema, "Kusahau maziwa lilikuwa kosa la mtoto. Kukificha kibuyu lilikuwa kosa kubwa kidogo. Lakini nilipokuuliza mbele ya watu ukasema ilikuwa sawa, ulitufanya sisi wote kuwa ile mashine. Tuliamini tulichoambiwa, na kuanzia hapo kila tulichofanya kikawa cha kuumiza. Mtu anayekuuliza jambo, mwanangu, atatenda kwa jibu lako. Mpe la kweli hata kama linakuchoma, maana la uongo halikai mdomoni mwako, linakwenda kufanya kazi kwa watu wengine."

Halafu akawageukia wenzake, na sauti yake ikapungua. Alisema kwamba Felisita ni mtoto, ila wao ni watu wazima wenye akili ya kuuliza mara mbili, na hakuna aliyeuliza. Wengine walitazama sakafu.

Bibi Nyanjige alikuwa amekwisha simama, amejitanda kanga yake tayari kwenda. Aliangalia lile kabati, kisha akawaangalia wale wanawake mmoja mmoja, bila haraka, kwa yale macho yake mekundu.

"Mashine imedanganywa, imeua mayai," alisema. "Ninyi mngeniua mimi."

Vifaranga wake walianguliwa juma lililofuata. Felisita alimbebea boksi lao mpaka nyumbani, mchana kweupe, na katika kila nyumba waliyoipita watu walitoka mlangoni wakamwamkia bibi kwanza.